Nani atakutwisha? Kuandika hadithi ya ulimwengu wa kila mtu na lake

Fungua tangazo lolote la nyumba ya kupanga Dar es Salaam, Kibaha au Morogoro, usome sifa zinazotangulia. Inajitegemea. Luku yako mwenyewe. Maji hamchangii. Choo ndani, jiko ndani, geti lako, mwenye nyumba haishi hapo. Hakuna aliyeandika tangazo hilo kwa ubaya, na anayelisoma huvutiwa kwa haki kabisa, maana aliyewahi kugawana luku moja na wapangaji sita anaujua ugomvi wake. Mwandishi anayetaka hadithi ya siku za usoni ambamo binadamu hawahitajiani tena, mbegu yake ndiyo hiyo. Haihitaji roketi.

Neno kujitegemea lenyewe limesafiri mbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, maneno mawili yamefungwa pamoja kwa "na". Lilikuwa neno la nchi na la kijiji: taifa lisiishi kwa misaada na mikopo ya wengine. Leo kwenye matangazo limebaki peke yake, limehamia kwenye choo na mita. Ukitaka kujenga mji wako wa hadithi, anza hivyo hivyo. Chukua jambo ambalo watu wanalithamini kweli, lililokuwa limefungwa na mwenzake, ukate kamba, kisha uliache lililobaki likue miaka 60 bila mtu wa kulizuia. Usimlete rais katili. Usilete polisi wa kuwatenganisha watu kwa virungu. Katika ulimwengu wa aina hii kila aliyeondoka alifungua mlango mwenyewe na kushukuru.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotega. Neno tulilo nalo la mtu kujali yake ni ubinafsi, na ubinafsi ni tusi. Ukiandika "katika mji wa wabinafsi" umeshatoa hukumu kabla ya ukurasa wa pili, na msomaji anakaa kitako kusubiri mahubiri. Watu wa mji huo hawajiiti wabinafsi. Wanajiita watulivu, watu wasiosumbua. Sheria yao kuu iandike kwa maneno ambayo hata mama yako mzazi angeyaitikia: Usimsumbue mtu. Kwenye daftari lako tenganisha maneno matatu yanayochanganywa sana. Faragha ni kitu mtu anachokitafuta, akitosheka anarudi kwa wenzake. Upweke humpata mtu bila kuutaka. Ukiwa ni kile kinachobaki mahali watu wakishaondoka. Hadithi ianze kwenye faragha, ipite kwenye upweke, ishukie ukiwani. Ikianza moja kwa moja na ukiwa, haina pa kwenda, na ndiyo maana hadithi nyingi za aina hii huchosha baada ya kurasa tano.

Jina la mji nalo lifanye kazi. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya 1995, aliipa sayari jina Walenisi: wale ni sisi. Sayari yake ni ya watu wema, lakini somo la ufundi ni lile lile. Maneno matatu ya kawaida yameshikana yakawa jina, na wazo zima la kitabu limo humo bila mtu kulieleza. Tafuta jina la namna hiyo kwa mji wako, kisha usilifafanue popote.

Sasa bei. Kila uhusiano unaokatika kwenye hadithi lazima uwe umeuzwa, na uwe umeuzwa kwa bei nzuri. Chora safu mbili. Kulia andika kilichopotea, kushoto andika walichopata, na kama safu ya kushoto ni fupi, hujamaliza kufikiri. Kadi tatu za harusi zinaingia mwezi mmoja, kila moja na kiwango chake cha singo na cha dabo, na kamati inapiga simu kukumbusha. Binti anakatazwa kwenda chuo kwa sababu baba zake wadogo wamekaa kikao. Mjane anatolewa nyumbani na mashemeji kabla ya arobaini ya mumewe. Kijana analipa ada za watoto watano ambao hakuwazaa, na wa kwake bado hajamwoa mama yao. Watu hawa wana kila sababu ya kukimbilia mji wa kila mtu na lake, na mwandishi asiyewapa haki yao anaandika uongo. Katika hadithi ya maneno 4,000, nashauri 1,200 ya kwanza yamfanye msomaji atamani kuhamia huko. Ikipungua hapo, maumivu ya baadaye hayatamgusa, kwa sababu hakuwahi kuwa mmoja wa walionunua.

Kosa jingine kubwa ni kuiweka mashine katikati. E. M. Forster aliandika hadithi fupi mwaka 1909, "The Machine Stops", ambamo watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja kwenye chumba chake chenye pembe sita kama cha nyuki, wakizungumza kwa picha kutoka mbali. Wanaoiga hadithi hiyo huchukua picha na vitufe. Kinachoifanya iwe hai hadi leo ni tukio dogo ndani ya chombo cha angani: abiria mmoja, Vashti, anayumba akikwepa mwanga wa jua, mhudumu ananyoosha mkono kumshika asianguke, na Vashti anakasirika. Ameguswa. Desturi ya kugusana imekwisha, na mhudumu aliyemwokoa ndiye mkosaji. Tukio hilo halina mtambo wowote ndani yake. Lina mkono tu.

Mwishoni mashine ya Forster inaharibika, na kwa mwaka 1909 mwisho huo ulikuwa na nguvu. Usiuchukue. Kwetu umeme ukikatika watu hutoka nje, wakakaa barazani, wakauliza "na kwenu umekatika?" Kukatika kwa umeme hutuunganisha, kwa hiyo ukimaliza kwa giza umewapa wahusika wako zawadi bila kukusudia. Chombo chochote utakachokibuni, kifanye kazi vizuri, kisiharibike hata mara moja.

Namna ya kukibuni ni kuanza na kazi ambazo mtu mmoja hawezi. Kaa chini uziandike mpaka zifike 30. Kusuka mistari ya kisogoni. Kuvuta juya. Kutwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Kushusha ngalawa maji yakiwa mbali. Kukunja shuka la futi sita lisiguse chini. Kisha chagua moja tu, uiangalie kwa karibu mpaka uijue kila sehemu yake.

Chukua ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20 za maji, ndoo yenyewe mbali. Kuibeba kichwani si shida, shida ni kuifikisha kichwani. Mwenye ndoo anaviringisha kanga kuwa kata, anaiweka utosini, anasema "nitwishe". Mwenzake anakuja. Wanashika ukingo, huyu upande huu na yule upande ule, wanainua pamoja mpaka kifuani. Hapo mwenye ndoo anainama kidogo anaingia chini yake, na kwa sekunde moja au mbili uzito wote uko kwa yule mwingine. Ndoo inatua. Mwenzake haachii mara moja. Anabaki na vidole ukingoni mpaka shingo ya mwenye ndoo ipate mizani, nusu hatua mbele, nusu hatua nyuma, kisha anaachia. Majani mawili yanaelea juu maji yasimwagike. Hakuna aliyesema zaidi ya neno moja.

Akiwa peke yake anaweza kujitwika, lakini angalia anavyofanya: goti kwanza, kisha kifua, kisha kichwa, na kila kituo kinamwaga. Ndiyo maana anayejitwika hajazi. Anachota lita 15 na kurudi mara nyingi zaidi. Nakushauri usiruke hesabu ndogo kama hii, maana ndani yake mna hoja nzima: kukosa mtu kunagharimu lita 5.

Sasa mletee chombo cha siku za usoni. Bomba lipandishwe hadi kama mita 2, na chini yake ijengwe rafu ya zege yenye kimo cha sentimita 145, na nyingine fupi zaidi pembeni kwa watoto na wafupi. Ndoo inajazwa ikiwa juu hapo hapo. Unaingia chini, unaitelezesha kwenye kata, unaondoka na lita zako 20. Hakuna umeme wala kitu cha kuharibika, na mhandisi aliyeibuni alistahili pongezi, kwa kuwa wazee na wajawazito wamepona migongo.

Halafu fuata matokeo hatua tatu, usikomee ya kwanza. Hatua ya kwanza: hakuna anayesubiri mtu bombani. Hatua ya pili: zile dakika tatu za kusubiri ndizo zilikuwa za kuulizana mtoto amelalaje na baba amerudi lini, kwa hiyo sasa homa ya mtoto wa nyumba ya nne haijulikani nyumba ya tano. Hatua ya tatu: mtaa unahitaji mtu wa kulipwa kupita na kuuliza, na mtu wa kulipwa huuliza maswali yaliyoandikwa kwenye fomu. Waandishi wengi huishia kwenye ya kwanza, wakaona huzuni imetosha. Hadithi yenyewe iko kwenye ya tatu, kwa yule mwenye fomu.

Lugha ndiyo sehemu ambayo sisi tumebarikiwa kuliko wengi, na inasikitisha kuona inavyoachwa. Kiswahili kimeweka binadamu wa pili ndani ya kitenzi. Pendana, juana, zikana, azimana, tembeleana, pokezana: mnyambuliko wa -ana haukamiliki kwa mtu mmoja. Katika mji wako vitenzi hivi vife kimoja kimoja, bila tangazo la serikali. Bibi avitumie ovyo, mama avitumie kwenye misemo iliyoganda tu, mtoto asiwe navyo. Lakini kuwa makini na kitu kimoja: gombana na chukiana navyo vina -ana. Chuki inahitaji wawili, ndiyo maana wagombanao ndio wapatanao. Mji wa watu wanaochukiana bado una uhusiano mwingi. Mji wako hauna hata ugomvi, na siku majirani wawili wanapotukaniana dirishani, msomaji anapaswa kuona tumaini.

Fundisho zuri zaidi liko kwenye kauli ya kutendea. Nipikie, niletee, nishikie mtoto: hapo kitenzi kinafanywa kwa ajili ya mtu. Lakini kauli hiyo hiyo hutumika kwa vifaa: kisu cha kukatia, chumba cha kulia, kalamu ya kuandikia. Toa ya watu, bakiza ya vifaa. Sikiliza inavyokuwa:

"Mjukuu wangu, hebu nishikie mfuko huu nifungue mlango."

"Mfuko una ndoano ya kutundikia, bibi. Na mlango una kitufe cha kufungulia."

Kijana hakukosa adabu hata chembe. Amemwita bibi, amempa maelezo sahihi, na sarufi yake ni safi. Mistari miwili kama hiyo inatosha kubeba ulimwengu mzima, na haiwezi kuandikwa hivyo kwa lugha isiyo na kauli hii.

Kiambishi -ji- nacho kitaongezeka, nacho kina shimo lake. Kujipenda, kujitunza na kujihudumia vinakaa sawa. Kujisaidia usikiguse, kwa sababu msomaji atafikiria choo na tukio lako litavunjika katikati. Kujiona na kujisikia pia vina maana za mtaani za majivuno, vitumie ukijua unachofanya. Pitia rasimu nzima ukitafuta -ji- peke yake, uamue moja moja.

Majina ya ukoo hayahitaji kupigwa marufuku. Hesabu inayaua. Kila mama akizaa mtoto mmoja kwa vizazi viwili mfululizo, mjukuu atakuwa na wazazi wawili na mababu na mabibi wanne, lakini shangazi sifuri, mjomba sifuri, mama mdogo sifuri, binamu sifuri. Akioa mwenzake wa hali hiyo hiyo, hapati shemeji wa kuzaliwa tumbo moja na mkewe, wala mkewe hapati wifi. Miaka 50 tu. Sasa fikiria mtoto anayekuta neno mjomba kwenye karatasi kuukuu na kuuliza ni cheo gani. Mjibu wake atalazimika kueleza kwanza ndugu ni nini.

Hodi na shikamoo nitazipita haraka, kwani kila mtu huzikumbuka na mara nyingi huzitumia vibaya. Shikamoo isiyoitikiwa ni mapambo tu. Hodi ina faida moja ya kiufundi: hupigwa mara tatu, na kwa desturi ukikosa jibu unaondoka. Kwa hiyo inakupa saa ndani ya tukio, moja, mbili, tatu, na msomaji anahesabu pamoja nawe.

Kipimo kikali kuliko vyote ni maiti. Mtu anaweza kujifundisha kujifanyia kila kitu maisha yake yote, lakini hawezi kujiosha akishakufa, wala kujivika sanda, wala kujishusha. Mwosha huoshwa, walisema wahenga, na methali hiyo ni mkataba: namwosha huyu leo kwa kuwa kesho nitakuwa mimi. Jeneza linataka mabega yasiyopungua manne, na njiani watu hupokezana. Kaburini wawili au watatu hushuka kuupokea mwili. Mwandishi ambaye hajajua mji wake unazikaje bado hajaujua mji wake. Jibu hilo liandike kabla ya kuanza sura ya kwanza, hata kama halitatokea kwenye hadithi.

Usidhani hapa unabuni mambo ya mbali. Wajapani wana neno, kodokushi, la kufa peke yako bila mtu kujua. Polisi wa Japani walihesabu watu 76,020 waliokuwa wakiishi peke yao na kufia nyumbani mwaka 2024, zaidi ya robo tatu yao wakiwa na miaka 65 na kuendelea. Ziko kampuni ambazo kazi yao ni kusafisha vyumba hivyo. Uingereza ilimpa waziri jukumu la kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021. Kwa hiyo "Waziri wa Upweke" hatamshtua mtu kwenye hadithi yako; ameshakuwepo. Kitakachomshtua ni kitu kidogo kilicho ukutani kwake.

Mita ya luku, mathalani. Uniti zikikaribia kuisha, inalia. Mpangaji wa chumba cha pili amefariki Jumatatu usiku. Friji lake linaendelea kula uniti, na Jumatano mita inaanza kulia. Mlio unapita ukutani. Jirani anausikia akipika, anausikia akilala. Kumgongea mtu mlango ni kumsumbua, na yeye pia alilipia pango la mtaa usio na usumbufu. Alhamisi inalia mchana kutwa. Ijumaa alfajiri uniti zinaisha, friji linanyamaza, mita inanyamaza. Jirani anashusha pumzi, anageukia upande wa pili, analala usingizi mzuri wa kwanza wiki hiyo. Tukio hilo lisizidi maneno 400. Neno "maiti" lisitajwe, harufu isitajwe, na siku zihesabiwe kwa mlio tu.

Mhusika mkuu asiwe mwasi. Waasi hukusanya watu, na watu wakikusanyika hadithi imekwisha. Mpe kazi ambayo bado inalazimisha mikono: msusi wa mwisho mwenye leseni, mkunga, fundi cherehani anayechukua vipimo kwa futi. Msusi ndiye bora, kwa maoni yangu, kwa kuwa kichwa cha mteja hukaa mapajani kwake saa nne, na mteja husinzia hapo. Wahusika wenye majina wasizidi watatu. Wakizidi, mji wako utaanza kuonekana una watu.

Mwisho ni pale bombani. Bibi ametoka mji mwingine au ametoka enzi nyingine, ndoo yake imejaa chini kwa kuwa hakujua rafu ni ya nini. Anaweka kata utosini, anamtazama kijana anayepita. "Mjukuu wangu, nitwishe." Kijana anasimama, kwa heshima. Neno halijui. Anaangalia ndoo, anamwangalia bibi, kisha anaelewa tatizo, na uso wake unachangamka kwa nia njema kabisa. Ananyoosha kidole kuielekeza rafu, hatua kumi kutoka pale, na anasubiri kuona kama bibi ameiona. Usiandike bibi alichohisi. Andika kata ilivyokuwa utosini, na majani mawili juu ya maji.